Jiwe la Kahawia la Mwalimu Lutengano

Wiki ya tatu baada ya kustaafu na kurudisha funguo, Gwamaka, kijana aliyekuwa chini yangu, alinipigia simu kutoka maabara kuniuliza chupa ya fluoriti iko wapi. Nikamwambia iko rafu ya pili, nyuma ya maji yaliyokenekwa, na asithubutu kuiweka karibu na boraksi. Akauliza kwa nini. Nilitaka kumjibu kwa kifupi nikashindwa, kwa sababu jibu lake ni refu na sehemu yake moja sijawahi kumwambia mtu yeyote pale kazini. Basi naliandika hapa, mlisome nyote mliobaki mnashika waya na moto katika maabara ile ya madini ya Mbeya. Habari za vyeo na mishahara naziacha. Anayetaka kuzijua awaulize watu wa utumishi, na wakimjibu anijulishe na mimi.

Nilifika Mbeya nikitokea Tosamaganga, binti wa Kihehe mwenye cheti cha fundi wa maabara, sweta moja, na imani kwamba baridi yote ya nchi hii iko Iringa. Sweta ya pili niliinunua kabla ya mwisho wa juma. Chumba cha kutambua madini kilikuwa chini ya Mzee Asajile, Mnyakyusa mrefu mwenye sauti ndogo, ambaye koti lake jeupe lilikuwa na matundu ya asidi mbele kuanzia kifuani hadi mfukoni.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Unaitwa nani, mwanangu?"

"Leokadia."

"Wamekwambia humu tunafanya kazi gani, Leokadia?"

"Kutambua madini."

"Hapana. Humu tunayaeleza. Kuyatambua kunakuja kwenyewe, na siku nyingine hakuji kabisa. Haya, chukua beseni lile ukaoshe vyombo."

Niliosha vyombo mwezi mzima. Kila asubuhi, kabla ya beseni, alinipa jiwe moja na karatasi, na sharti lake lilikuwa nisiandike jina. Niandike rangi, mng'ao, namna linavyovunjika, rangi ya unga wake likisuguliwa kwenye kigae, uzito wake ukilinganishwa na maji, na ugumu wake: linakwaruza nini na linakwaruzwa na nini. Siku ya nne niliona jiwe jekundu la mviringo nikaandika "ganeti" kwa maringo. Alilikata neno lile kwa kalamu ya bluu akanirudishia karatasi. Lilikuwa ganeti kweli. Nilinuna mpaka saa ya chai.

Sampuli zilitufikia kwa njia za kila aina. Wakati mmoja sanduku lilipanda basi kutoka Dar es Salaam, na kule Ruaha Mbuyuni likapangiwa magunia mawili ya vitunguu juu yake. Mawe yalipofika yalinuka mchuzi. Nami kwa utiifu wangu nikaandika kwenye karatasi: harufu, ya kitunguu. Mzee Asajile akasoma, akavua miwani, akacheka mpaka akaegemea meza. "Harufu ni sifa," akasema, "ila hii ni sifa ya basi." Nayakumbuka hayo kwa sababu ndivyo alivyokuwa akinifundisha, na kwa sababu sitaki mdhani kilichofuata kilitokana na mwalimu mbaya.

Sasa niwaeleze waya, maana wengine mmeuona ukiwa pambo tu kwenye droo. Kabla ya mashine za eksirei tulikuwa na waya mwembamba wa platini, kichwani umekunjwa kitanzi kidogo. Unauchovya kwenye boraksi, unauweka motoni, boraksi inayeyuka na kuwa tone la kioo. Tone lile unaligusisha kwenye unga wa jiwe, unalirudisha motoni, na rangi yake inakwambia ndani kuna metali gani. Seriamu, kwa mfano, hugeuza tone kuwa la manjano likiwa moto, na likipoa rangi inapotea. Kupima boroni ni kazi nyingine. Unachanganya unga wa jiwe na fluoriti na chumvi kali ya asidi, unaweka kwenye kitanzi, na mchanganyiko unapoyeyuka tu, moto unakonyeza kijani mara moja na kuacha. Ukipiga chafya umeukosa.

Shida ni kwamba boraksi yenyewe ina boroni. Waya uliotumika kwa boraksi ukiutumia kupima boroni, utaona kijani hata kama umeweka unga wa matofali. Kwa hiyo Mzee Asajile aliweka sheria ya nyaya mbili kwa kila mtu: wa boraksi ulifungwa uzi mwekundu, wa kazi nyingine haukufungwa kitu. Kila waya ulikuwa na kizibo chake cha kuchomekwa.

Nikiwa bado kwenye kipindi cha majaribio, akaja Mwalimu Lutengano. Alifundisha kemia sekondari moja pale mjini na alikuwa na kikundi cha wanafunzi wanaokusanya mawe siku za Jumamosi. Alikuja na jiwe limefungwa kwenye karatasi ya mtihani, kahawia lenye wekundu kidogo, zito kuliko ukubwa wake, linang'aa kama gundi iliyokauka. Walilitoa kwenye kilima kimoja upande wa Mbozi. Jina la kilima sitalitaja, maana najua mtakwenda na sururu.

"Dada, mimi naona hili lina boroni," alisema. "Nimeliyeyusha na magadi, nikatia asidi na spiriti, nikawasha. Moto ulikuwa na ukingo wa kijani. Watoto wote wameona."

Nilifanya vipimo vyote kwa mpangilio. Uzito wake ulikuwa mara nne na nusu ya maji. Lilikwaruza feldspa lakini halikukwaruza kwatzi. Kisu cha chuma hakikulifanya kitu. Kihesabu-mionzi kililia kidogo, si cha kutisha. Tone la boraksi likawa la manjano motoni, likapoa rangi ikapotea: seriamu. Nikaendelea na kipimo cha boroni, na moto ukatoa kijani kizuri ajabu, kikakaa hata nikapata muda wa kumwita Mwalimu aliyekuwa amekaa kwenye benchi. Aliruka kama mtoto. Nilimwambia palepale kwamba silikati ya metali adimu yenye boroni ni kitu ambacho sijawahi kukisikia katika nyanda zetu. Mzee Asajile alikuwa safarini Chunya siku hiyo, ilikuwa Ijumaa.

Jumatatu asubuhi Mwalimu alitangaza mstarini mbele ya shule nzima kwamba jiwe lao lina boroni, na maabara imethibitisha. Asubuhi ileile, mimi nikiwa napanga vifaa, nikakuta kwenye kizibo cha boroni umechomekwa waya wenye uzi mwekundu. Nikaelewa Ijumaa ile nilifanya nini. Nilikuwa nimetoka kufanya tone la boraksi nikaunganisha na kipimo cha pili kwa waya uleule, kwa pupa ya kutaka kuona. Ndiyo maana kijani kilikaa sana. Kijani cha kweli hakikai.

Nilimweleza Mzee Asajile alipoingia. Hakunifokea. Alisema, "Umefanya vizuri kusema. Rudia kwa waya safi, kisha tutamwandikia."

Hapa ndipo penye neno nililoficha. Nilirudia kwa waya safi, mpya kabisa. Lakini nilikuwa nimeingiwa na hofu ya kile kijani. Nilijiambia fluoriti nayo pengine imechafuka, maana ilikaa rafu moja na boraksi, kwa hiyo nikaiacha. Nikalowesha unga kwa asidi tu, nikaweka motoni, na hakukutokea kitu. Jiwe la namna ile haliachii boroni yake kwa asidi tupu, na mimi nilijua. Kuagiza fluoriti mpya kungechukua wiki mbili. Katika wiki hizo ningekuwa mtu ambaye kosa lake halijafungwa, na barua yangu ya kuthibitishwa kazini ilikuwa njiani. Nilitaka lisionekane kijani, na halikuonekana.

"Umerudia?" akauliza Mzee.

"Nimerudia, Mzee. Hakuna boroni."

Akaandika barua, akatia sahihi. Jina la jiwe tuliweka seriti, silikati ya seriamu ya kawaida, kwa kuwa ndilo lililobaki ukiondoa boroni.

Mwalimu Lutengano alikuja na barua mkononi. Aliuliza kwa upole kile kijani alichokiona yeye shuleni kilitoka wapi. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia labda magadi yao yalikuwa machafu. "Basi nimekosea mimi," akasema. Nikampa jiwe lake akakataa. "Kaeni nalo, ninyi ndio wenye kabati." Sikumwona tena maabara, yeye wala kikundi chake, na kusema kweli nilishukuru.

Miaka mingi ilipita baada ya hapo na kazi nyingi zilikuwa nzuri. Niliona dhahabu ya watu ikigeuka pairiti, jiwe linalong'aa kama dhahabu, na mara mbili pairiti ya watu ikigeuka dhahabu. Mzee Asajile alistaafu, akarudi kwao Tukuyu kwenye migomba yake, na tukamzika huko siku ya mvua kubwa. Nilisimama kaburini, na lile neno sijamwambia. Mimi ndiye niliyeshika nafasi yake, na waliokuja chini yangu niliwasumbua na nyaya mbili mpaka wakaniita Mama Uzi. Walidhani ni ukali wangu tu.

Halafu ikaja bunduki. Ndivyo Gwamaka na wenzake wanavyoiita ile mashine ya mkononi ya eksirei: unalielekezea jiwe, unabonyeza, baada ya dakika moja inakuorodheshea elementi zilizomo. Ni kifaa kizuri, sina ugomvi nacho. Ila kina upofu wake. Elementi nyepesi sana hakizioni, na boroni ni mojawapo. Mbele ya bunduki, jiwe lenye boroni na jiwe lisilo nayo ni kitu kimoja. Niliwaambia haya mara nyingi, wakaitikia kwa adabu ambayo vijana huwapa watu wanaokaribia kustaafu.

Mwaka wangu wa mwisho tulipewa kazi ya kupanga upya kabati lote la sampuli. Gwamaka alipiga mashine, mimi nikasoma kadi. Siku moja akasema, "Seriamu, lanthanamu, silikoni, thoriamu kidogo. Kadi inasema seriti, mashine inakubali. Tupite, mama?"

Nikaangalia kadi. Mwandiko ulikuwa wangu wa usichana, wenye mikia mirefu. Juu: seriti. Chini yake: hukwaruza feldspa, kisu hakiliwezi. Nikasoma tena. Seriti ni laini kuliko hivyo, haikwaruzi feldspa hata ukiibembeleza. Kadi ilikuwa inajipinga yenyewe tangu siku nilipoiandika, na watu wote tuliofungua droo ile tulisoma jina tu.

"Tusipite," nikasema.

"Lakini mashine imeshasoma, mama. Kila kitu kipo."

"Hakuna kila kitu. Nipe jiwe."

Nikatoa fluoriti ya chupa mpya ambayo haijafunguliwa, waya usio na uzi, nikafunga pazia. Unga ukayeyuka, moto ukakonyeza kijani, ukaacha.

"Umeona?"

"Nini?"

"Angalia tena." Nikarudia. Safari hii alishtuka. "Eeeh! Kumbe!"

Tulipeleka kipande chuo kikuu, kwenye mtambo unaopitisha eksirei ndani ya fuwele na kusoma jinsi atomu zilivyojipanga. Majibu yalikuja kwa jina ambalo sikuwahi kulitamka: stilwelaiti. Ni silikati yenye boroni, ambayo ndani yake boroni imejipanga kwa minyororo iliyojisokota, silika zimeishikilia pembeni, na metali adimu zimekaa kwenye nafasi zilizobaki. Katika kabati inakaa na silikati, si na borati, na wataalamu wameshabishana hilo vya kutosha kwa hiyo msianze upya. Nyuma ya jina huandikwa metali iliyozidi wenzake. Yetu ni seriamu. Ikizidi lanthanamu jina linabadilika mkia. Gwamaka alifurahi siku nzima. Mimi nilienda chooni nikafunga mlango nikakaa.

Barua ya kusahihisha ingeweza kwenda kwa posta. Nilisema nitaipeleka mwenyewe, na niliipeleka siku yangu ya mwisho kazini, asubuhi, wakati wenzangu mkinitafuta tukate keki ya kuniaga. Nisameheni. Nilijua anakaa Iyunga lakini nyumba sikuijua. Nikamuuliza kijana wa bodaboda aliyekuwa akiosha pikipiki yake pembeni ya barabara kuu.

"Mwalimu Lutengano?" Akakuna kichwa. "Ahaa, Mwalimu Boroni! Sema hivyo mama. Nyumba ile ya geti la kijivu."

"Kwa nini mnamwita hivyo?"

"Sijui. Baba yangu naye alikuwa anamwita hivyohivyo. Si ndiyo jina lake?"

Nilisimama pale kandokando ya malori nikaelewa kwamba barua yetu haikuishia mezani kwake. Shule nzima iliyosikia tangazo la mstarini ilisikia pia kukanushwa kwake, wakamwita hivyo, wakaondoka, wakazaa, na watoto wao wamelirithi jina bila kujua lilikuwa dhihaka. Nilitaka kurudi. Miguu ndiyo iliyokwenda getini.

Alifungua mwenyewe, amekonda, amevaa sweta ya kufuma na kofia ya sufu. Alinitazama akanikumbuka kabla sijajitambulisha. Mke wake, Mama Subi, akaleta chai na viazi vya kuchemsha. Nikampa barua. Alisoma polepole mpaka mwisho, akaikunja kwa mikunjo yake ileile, akaiweka juu ya meza.

"Wakati ule," akasema, "mlipima kwa fluoriti?"

Kati ya yote aliyoweza kuniuliza, aliuliza hilo.

"Mara ya kwanza ndiyo, lakini kwa waya mchafu. Mara ya pili, iliyoandikiwa barua, sikuweka."

"Iliisha?"

"Haikuisha, Mwalimu. Niliogopa."

"Ulijua kwamba bila fluoriti haitoi?"

"Nilijua."

Mama Subi akaacha kumimina chai. Mwalimu aliposema, sauti yake haikupanda.

"Dada, watoto walinicheka, hilo ni jambo la watoto. Mkuu wa shule alifunga kikundi, na hilo nalo nililimeza. Lakini mimi niliona kile kijani kwa macho yangu, mara tatu. Mlipoandika hakuna, nikayakana macho yangu. Tangu hapo nikifundisha jambo nilikuwa natazama kitabu kwanza, nihakikishe kama nimeona kweli. Miaka yote iliyobaki. Ulilifahamu hilo?"

"Sikulifahamu. Naomba unisamehe."

Hakujibu kama amenisamehe. Aliuliza kwenye mkoba nimebeba nini, kwa kuwa aliona mdomo wa taa ya spiriti. Nilikuwa nimebeba kila kitu, hata unga wa jiwe lake, sijui kwa nini. Labda mikono yangu ilijua kuliko mimi. Akamwambia mkewe afunge mapazia ya jikoni. Tukakaa kwenye vigoda viwili mbele ya meza ya kukatia mboga, yeye akachanganya unga na fluoriti kwa ncha ya kisu, kipimo kamili, bila kuniuliza.

Nikashika waya. Mchanganyiko ukatoa povu, ukayeyuka, moto ukakonyeza kijani, ukaacha.

Sikuthubutu kumtazama. Nikangoja aseme ameona.

"Rudia," akasema.

Nikasafisha waya kwa asidi, nikauchoma mpaka moto ukawa hauna rangi, nikarudia. Kijani.

"Rudia."

Tulirudia mpaka unga wa jiwe ukabaki wa mara moja tu kwenye karatasi. Kufikia hapo Mwalimu alikuwa analia waziwazi, bila kujifuta, na macho yake hayakutoka kwenye moto. Nikamuuliza kama anataka tuhifadhi kile kilichobaki.

"Nipe waya," akasema. "Sasa angalia wewe."